Umehifadhi ukurasa, ukifungua noti haina kitu: namna ya kurekebisha

"Shikamoo mwalimu. Nimefuata yale maandishi ya Boheti."

Aliyesema hivyo ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, na alikuwa na haki ya kuyadai maana nilimwahidi. Nafundisha Historia hapa Lindi mjini, na kwa miaka kadhaa sasa nakusanya kila ninachokiona mtandaoni kuhusu Tendaguru, kile kilima cha kaskazini-magharibi mwa mji wetu ambako kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria wakaisafirisha hadi Berlin. Majina ya Werner Janensch na Edwin Hennig watoto wanayapata kwa urahisi, yameandikwa kila mahali. La Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji, lazima ulitafute. Kwa hiyo nilipokutana na ukurasa mrefu unaomzungumzia, nilibonyeza kitufe cha kuhifadhi kwenye programu yangu ya noti, nikaona alama kwamba tayari, nikafunika laptopu nikaenda kipindini.

Siku ile tukaifungua noti mimi na yule mtoto. Kichwa cha habari kipo. Chini yake mistari miwili tu: tovuti hii inatumia vidakuzi, bonyeza ukubali. Nikabofya kiungo ili turudi kwenye ukurasa wenyewe, na ukurasa ulikuwa umeshaondolewa.

Iliniuma sana, kwa sababu habari za watu kama Boheti mtandaoni ni chache, na chache hizo zikipotea mikononi mwa mtu aliyekwisha kuziona, hasara ni ya watoto. Tangu hapo nimekaa na tatizo hili mpaka nikalijua vizuri. Ninayoandika hapa nimeyajaribu mwenyewe, mengi yake kwa Joplin, programu yangu ya noti, ambayo naitumia kwa sababu ni ya bure na noti zinakaa ndani ya mashine yako. Anayetumia Evernote, OneNote au Obsidian atakuta vitufe vimekaa kwingine, lakini magonjwa ni yaleyale.

Kabla ya yote, shika jambo hili: fungua noti kabla hujafunga ukurasa. Alama ya "tayari" inakuambia kwamba kitu fulani kimeingia, haikuambii ni kitu gani. Mimi hufanya hivi: nasoma sentensi ya kwanza na ya mwisho kwenye ukurasa, naenda kwenye noti kuangalia kama zote mbili zipo, halafu nachukua neno moja gumu la katikati na kulitafuta kwa kisanduku cha utafutaji cha programu. Dakika moja inatosha. Kama kuna kasoro, ukurasa bado uko mbele yako na unaweza kujaribu njia nyingine.

Kiendelezi kinasema hakiioni programu

Hili ndilo linalowasumbua wanaoanza, na dawa yake ni fupi. Kile kiendelezi, yaani kijiprogramu cha kuhifadhi kurasa unachokiweka kwenye kivinjari cha Firefox au Chrome, kinachoitwa Joplin Web Clipper, hakihifadhi chochote chenyewe. Kinapeleka maandishi kwa programu ya Joplin iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo, kupitia mlango wa ndani ambao kwa kawaida ni namba 41184. Programu ikiwa imefungwa, au mlango haujawashwa, kiendelezi kitabisha hodi bila kuitikiwa. Fungua Joplin, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya Web Clipper, washa huduma yake. Mara ya kwanza Joplin inaweza kukuomba ruhusa ya kukikubali kiendelezi. Ujumbe huo unatokea ndani ya Joplin, siyo kwenye kivinjari, na ndiyo maana watu wengi hawauoni wakadhani kimeharibika. Ikishindikana bado, angalia programu ya kuzuia virusi au ngome ya kompyuta (firewall), huenda ndiyo iliyofunga mlango.

Hii yote inafanyika ndani ya mashine, haihitaji intaneti. Mwenzangu wa Jiografia aliwahi kununua bando jipya akidhani ndiyo sababu ya kiendelezi kugoma.

Noti imepata kichwa tu, au nusu ya habari

Hapa ndipo Boheti alipotupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiendelezi kina namna kadhaa za kuhifadhi. Ile ambayo wengi huchagua ni ukurasa uliorahisishwa: programu inajaribu kukisia ni sehemu gani ya ukurasa ndiyo habari yenyewe, na ipi ni menyu, matangazo na takataka za pembeni. Mara nyingi inakisia vizuri. Lakini ukurasa ukiwa umejengwa vibaya, au tangazo la vidakuzi likiwa limekaa juu ya kila kitu, inaweza kuona tangazo ndilo habari. Kwa hiyo anza kwa kusafisha: kubali au kataa vidakuzi, funga visanduku vinavyorukia mbele, ndipo uhifadhi.

Sababu ya pili ni kwamba kurasa nyingi siku hizi haziji zote kwa mkupuo. Aya za chini zinapakiwa pale tu unaposhuka nazo, na nyingine zimefichwa nyuma ya kitufe cha "soma zaidi". Kiendelezi kinachukua kilichopo kwenye kivinjari wakati huo. Ambacho hakijapakiwa, kwake hakipo. Teremka hadi mwisho wa ukurasa, taratibu, hasa kama mtandao wako unasuasua, bonyeza kila "soma zaidi", halafu ndipo uhifadhi. Nikiwa natumia intaneti ya simu nahesabu hadi kumi baada ya kufika chini.

Kama bado inakuja nusu, achana na makisio ya mashine. Weka kishale mwanzoni mwa sentensi ya kwanza, nenda mwisho, shikilia Shift ubofye, maandishi yote yatachaguliwa. Kisha kiambie kiendelezi kihifadhi sehemu iliyochaguliwa. Ni njia ya kizamani na ndiyo ninayoiamini kuliko zote, maana wewe mwenyewe ndiye umeamua kipi kiingie.

Kuna kurasa zinazokataa kabisa kuchaguliwa maandishi. Kwenye Firefox jaribu mwonekano wa kusomea, kwenye Windows ni F9, ambao unauvua ukurasa mapambo yote ukabaki na maandishi, na mara nyingi hapo kunakili kunakubali. Usipokubali, bonyeza Ctrl+P uchapishe kwenye PDF, uiambatishe kwenye noti.

Na kama ukurasa unahitaji kuingia kwa jina na nywila, ujue tofauti hii. Kiendelezi kilichomo kwenye kivinjari kinaona unachokiona wewe. Lakini ukituma anwani peke yake kwa huduma inayokwenda kuuchukua ukurasa yenyewe, huduma hiyo haina nywila yako, na noti itajaa fomu ya kuingilia.

Majedwali yanakimbia

Ukurasa uliorahisishwa mara nyingine huyatupa majedwali na maelezo ya chini ya picha. Kwa mwalimu wa Historia hii ni hatari, kwa sababu ushahidi mwingi umo humo. Nilihifadhi ukurasa wa vipimo vya mifupa ya Tendaguru, na maelezo yote yakaingia vizuri, ila jedwali lenye mfupa wa juu wa mkono wa mbele, ule wa sentimita 213, halikuwepo. Mtoto ukimwambia mnyama alikuwa mkubwa anaitikia tu. Ukimpa kamba ya mita mbili na sentimita kumi na tatu ailaze sakafuni kama mfupa mmoja, anakaa kimya.

Kwa ukurasa wenye majedwali chagua kuhifadhi ukurasa kamili katika umbo la HTML. Noti itakuwa nzito na pengine mbaya kwa macho, lakini jedwali litakuwemo. Jedwali moja tu unalitaka? Linakili, libandike kwanza kwenye Excel au LibreOffice Calc, lihakiki, ndipo uliweke kwenye noti. Visanduku vilivyounganishwa ndivyo vinavyovuruga safu. Hesabu safu mbili tatu kwa kidole uone kama namba imekaa chini ya kichwa chake.

Kuhusu uzito: hizo noti kamili huvuta na picha zote. Kama unasawazisha noti kati ya simu na kompyuta kwa bando, picha kumi kubwa zitakumaliza. Futa za mapambo, bakiza zenye maana.

Tafsiri imeingia badala ya maandishi yenyewe

Chrome ikikutafsiria ukurasa, inabadilisha maandishi yaliyopo mbele yako, na kiendelezi kitahifadhi hiyo tafsiri. Hakitakuonya. Nilikuta kwenye noti yangu mabawabu wamebeba mifupa kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi. Mabawabu! Ni wapagazi. Neno moja la Kiingereza lina maana zote mbili, na mashine ilichagua mlinzi wa mlango. Wale ni watu waliotembea siku kadhaa na mizigo kichwani na mabegani, shehena ambayo jumla yake ilizidi tani 200. Kuwaita mabawabu ni kuwafuta mara ya pili.

Siku hizi nahifadhi lugha ya asili kwanza. Zima tafsiri, pakia ukurasa upya, hifadhi. Ukihitaji tafsiri, iwashe tena uhifadhi noti ya pili, na kwenye kichwa uandike wazi kwamba ni tafsiri ya mashine.

Wakati huohuo rekebisha kichwa cha noti. Yule mnyama mrefu aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin tangu 1937 Janensch alimwita Brachiosaurus brancai, na watafiti wa sasa wengi wanamwita Giraffatitan. Usipoweka majina yote mawili, ukitafuta moja utazikosa nusu ya noti zako.

Herufi zimeharibika

Umeshawahi kuona "Museum für Naturkunde" imegeuka "Museum fÃ¼r Naturkunde"? Au "ng’ombe" imekuwa "ngâ€™ombe"? Maandishi hayajafa hapo. Kompyuta inatunza kila herufi kama namba, na kuna mifumo tofauti ya kuzihesabu namba hizo. Yaliyoandikwa kwa mfumo wa UTF-8 yakisomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, herufi za kawaida za a hadi z zinasalimika kwa kuwa namba zao ni zilezile kwenye mifumo yote miwili, lakini kila alama ya ziada inapasuka vipande viwili au vitatu. Ndiyo maana Kiswahili huumia kwenye ng' na kwenye alama za kunukuu tu, na Kijerumani huumia zaidi.

Angalia kwanza tatizo liko wapi. Kama hata kwenye kivinjari herufi zimeharibika, kosa ni la ukurasa: kwenye Firefox bonyeza Alt ili menyu itokee, nenda kwenye menyu ya mwonekano, chagua kurekebisha usimbaji wa maandishi (huo mfumo wa namba), zikinyooka ndipo uhifadhi. Kama kwenye kivinjari ni nzima ila zimeharibika kwenye faili ulilohifadhi, lifungue upya na uichague UTF-8 pale programu inapouliza aina ya usimbaji. Usianze kusahihisha herufi moja moja kwa mkono. Utachoka, na utaacha nyingine.

Kuna ubaya mwingine wa herufi ambao hauonekani kwa macho. Ile alama ya ng' ina sura mbili: iliyonyooka, unayoichapa kwenye kibodi, na iliyopinda, ambayo Word na tovuti nyingi huiweka zenyewe. Kwetu sisi ni kitu kimoja. Kwa programu nyingi ni herufi mbili tofauti kabisa. Nilitafuta habari za Ng'apa, hapa hapa manispaa yetu, nikapata noti mbili, na nilikuwa na hakika nimehifadhi tano. Zile tatu ziliandikwa kwa alama iliyopinda. Dawa: mara tu unapohifadhi, nakili alama moja iliyopinda kutoka kwenye noti, fungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, ibadilishe kote iwe iliyonyooka. Ukitaka kupata za zamani, tafuta kipande cha neno kisicho na alama.

Maandishi ya PDF yamekatika kila mstari

Ukinakili kutoka PDF, kila mstari wa karatasi unakuja kama aya yake. Bandika kwanza kwenye Word. Bonyeza Ctrl+H. Kama kati ya aya kuna mstari mtupu, badilisha ^p^p iwe alama isiyotumika popote, mimi huweka @@. Kisha badilisha ^p iwe nafasi moja. Mwisho rudisha @@ iwe ^p. Fuata mpangilio huo huo, ukiugeuza aya zote zitaungana. Kama hakuna mstari mtupu kati ya aya, weka @@ kwa mkono mwanzoni mwa kila aya kabla ya kuendelea.

PDF ambayo hukuweza hata kuchagua neno ni picha ya karatasi. Ipige picha kwa simu ukitumia Google Lens, itakunasulia maandishi, kisha uyasome neno kwa neno ukilinganisha na picha, hasa miaka na namba.

Kwenye simu

Wanafunzi wangu wengi hawana kompyuta, kwa hiyo hili nawaambia kila muhula. Ukiwa kwenye Chrome ya simu ukabonyeza kushiriki, ukachagua programu ya noti, kinachokwenda ni kichwa na anwani. Maandishi hayaendi. Bonyeza neno moja kwa muda mpaka litiwe rangi, vuta vishikio hadi mwisho au chagua yote, ndipo ushiriki. Kwa Google Keep angalia urefu: noti moja ina kikomo cha herufi karibu 20,000, makala ndefu igawe vipande na uvipe namba.

Wengi huwa wanasema anwani inatosha, wataifungua siku wakihitaji. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikawa haishikiki nchi nzima. Huku kusini tulikuwa bado tunahangaika na barabara ya Dar es Salaam iliyokatwa na mvua za kimbunga Hidaya. Niliendelea na vipindi vyangu wiki ile kwa sababu maandishi yalikuwa ndani ya laptopu. Waliokuwa na orodha za anwani walikuwa na orodha za anwani.

Ukurasa ulioondolewa

Nirudi kwa Boheti. Ukurasa ukishaondolewa, nakili anwani yake, nenda web.archive.org, ubandike. Hiyo ni Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo imekuwa ikipiga nakala za kurasa tangu 1996. Utaletewa kalenda yenye tarehe za nakala. Usikate tamaa kama ya kwanza ina picha tupu au imekatika, jaribu tarehe nyingine. Na ukurasa unaouthamini leo, bado ukiwa hai, unaweza kuomba wewe mwenyewe upigiwe nakala hapohapo. Andika kwenye noti anwani ya asili, anwani ya nakala, na tarehe uliyoichukua.

Niliupata kwa tarehe ya tatu niliyojaribu. Nikachagua maandishi kwa mkono, nikahifadhi, nikafanya ukaguzi wangu. Sentensi ya kwanza ipo. Ya mwisho ipo. Nikatafuta "Boheti". Hakuna.

Nilikuwa namwona kwa macho, mstari wa nne. Kumbe tovuti nyingi za Wajerumani huweka ndani ya maneno kistari laini, alama isiyoonekana inayoruhusu neno kukatwa mwisho wa mstari. Ukinakili neno, unakuja nayo. Kwa macho ni Boheti, kwa kompyuta kuna kitu kati ya Bo na heti. Ukilishuku neno la namna hiyo, peleka kishale katikati yake kwa mshale wa kibodi: kikisimama mara mbili mahali pamoja bila kusogea, kuna alama iliyojificha. Nikabandika maandishi kwenye Word, Ctrl+H, juu nikaandika ^- na chini nikaacha wazi, nikabadilisha yote, nikarudisha kwenye Joplin.

Nikatafuta tena. Akatokea mara kumi na moja. Nilimtuma mtoto wa darasa la jirani akamwite yule wa kidato cha tatu.